Mwalimu Gawanya na Ukurasa wa Kumi na Moja

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Uliye jikoni, punguza moto. Uliye njiani, punguza mwendo. Leo tunamkumbuka mwalimu aliyetutoka wiki mbili zilizopita, akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Miaka sabini na minne, na karibu thelathini kati ya hiyo aliitumia kufundisha somo moja tu. Aliwafundisha wanafunzi wa teknolojia wa chuo kikuu namna ya kuandika.

Nawasikia mnaocheka. Msicheke peke yenu, hata wanafunzi wake walicheka. Mtu amekuja chuoni kusomea mitambo, umeme na kompyuta, halafu unamwekea kwenye ratiba saa mbili kila wiki za kuandika ripoti, barua na maelekezo! Walikuwa wanaingia darasani kwake wakiburuta miguu. Mmoja alimwuliza mbele ya wenzake, "Mwalimu, nati inajua kusoma?" Darasa likavunjika mbavu. Yeye akamjibu, "Nati haijui. Anayeikaza anajua." Akaendelea na somo.

Walimpa jina. Jina lenyewe lilitokana na kalamu yake nyekundu. Akikuta sentensi ndefu, alikuwa anaandika pembeni neno moja: Gawanya. Kila ukurasa, Gawanya. Basi akawa Mwalimu Gawanya, mpaka watoto wake nyumbani wakawa wanamtania kwa jina hilo wakipakuliwa chakula.

Mdogo wake ameniambia kwamba Mwalimu alikuwa msomaji tangu utotoni. "Dada alikuwa anasoma hata zile karatasi za kwenye boksi za dawa. Mama akinunua dawa ya kikohozi, Dada anasimama katikati ya sebule anatusomea madhara yote, mpaka mgonjwa anaogopa kuinywa." Huyo ndiye Mwalimu Gawanya. Mtu wa kusoma kila kitu. Likumbukeni hilo, kwa sababu ninayotaka kuwasimulia yanaumiza.

Haya ninayoyasema familia imeyaridhia. Mume wake aliniambia, "Sema yote. Usimpambe. Yeye mwenyewe hakupenda kupambwa." Nami nasema yote.

Ilikuwa miaka thelathini na minne iliyopita. Mwalimu alikuwa na miaka arobaini. Alikuwa anafundisha chuoni kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na kila mwisho wa mwaka alikuwa anasubiri kuambiwa kama ataendelea au atafungasha. Wakubwa wa idara walimwita "yule mama wa insha." Meza yake ilikuwa kwenye ofisi ya watu watatu, karibu na mlango, na kila anayeingia alikuwa anaigonga.

Mwaka huo alikuwa na mwanafunzi mmoja wa kike aliyeitwa Spana. Walimwita hivyo kwa sababu hakutoka bila spana kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, hata akienda maktaba. Binti hodari wa mitambo. Kuandika, sasa, ndiyo ilikuwa kazi kwelikweli. Sentensi yake moja ingekutoa pumzi.

Spana alifanya mradi wa mwaka wa mwisho kwenye karakana ya chuo. Kulikuwa na winchi kuukuu, mtambo wa kunyanyulia injini na vyuma vizito. Aliipima kwa mizigo midogo na mikubwa, akiwa na msimamizi wake wa mradi. Msimamizi alikuwa anaingia na kutoka, ana mambo yake. Fundi wa karakana, waliyemwita Fundi Miwani, alikuwa likizo. Vipimo vikafanyika, takwimu zikaandikwa. Spana akaandika rasimu kwa mkono, kurasa thelathini na nne.

Utaratibu wa chuo ulikuwa huu. Rasimu inakwenda kwanza kwa Mwalimu Gawanya, anaisahihisha lugha na mpangilio. Mwanafunzi anarekebisha, anapiga chapa nakala safi, anaipeleka idarani. Rasimu yenyewe anairudisha kwa Mwalimu, naye anaitunza. Nakala safi inabaki idarani, rasimu inabaki kwa Mwalimu.

Mwalimu aliisahihisha ile rasimu. Akaipa alama sabini na moja. Akaandika juu, "Ndefu mno. Punguza." Spana akapunguza, kurasa thelathini na nne zikawa ishirini na mbili. Akapeleka idarani. Kila mtu akaridhika.

Wiki tano baadaye, asubuhi ya Ijumaa, Fundi Miwani alikuwa ananyanyua injini ya lori kwa ile winchi. Breki haikushika. Injini ikashuka yote kwa mpigo, ikatua kwenye mguu wake wa kulia.

Jamani. Wanafunzi waliokuwepo wanasema alipiga ukelele mmoja tu, kisha akawa anatafuta miwani yake sakafuni, anauliza, "Miwani yangu iko wapi? Miwani yangu iko wapi?" Mguu hakuutazama. Hospitalini wakaukata chini ya goti.

Maswali yakaanza. Nani aliijaribu winchi mara ya mwisho? Spana. Spana akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Akaulizwa, "Ulijua breki ni mbovu?" Akasema kweli: "Nilijua. Iliteleza mara mbili kwenye mizigo mikubwa. Niliandika." Wakafungua nakala yake ya idarani, kurasa ishirini na mbili. Wakaisoma mbele mpaka nyuma. Hakuna breki. Hakuna popote.

"Niliandika kwenye rasimu," akasema Spana.

"Tuonyeshe," akasema msimamizi wake. Naye, wasikilizaji wapendwa, alikuwa ametokwa na jasho jembamba, maana alikuwepo siku ya vipimo.

Kamati ikampa mpaka Alhamisi, saa nne asubuhi. Alete rasimu, au aondoke chuoni kwa kujua hatari na kunyamaza. Alhamisi, saa nne asubuhi. Alikuwa amebakiza miezi miwili tu amalize masomo.

Mwalimu alizipata habari hizo Jumanne, kwa mwenzake wa ofisini. Akatoa boksi lake la rasimu. Akaikuta ya Spana. Akaanza kuisoma upya, ukurasa kwa ukurasa. Akafika ukurasa wa kumi na moja.

Ilikuwepo. Sentensi moja, mistari tisa. Na katikati ya mistari hiyo tisa, breki.

Pembeni yake palikuwa na wino mwekundu. Mwandiko wake mwenyewe. Alikuwa ameandika, "Gawanya. Maelezo mengi mno hapa, mengine ondoa." Alikuwa ameweka hata alama ya mkato mahali ilipokosekana, hatua mbili tu kutoka kwenye neno breki. Aliisahihisha sentensi, wasikilizaji wapendwa. Hakuisoma.

Mwalimu akalifunga jalada. Akaliweka kwenye droo ya meza yake, juu ya goti lake. Mwenzake alimwuliza kama anaumwa. Akasema ni kichwa tu.

Jumatano, saa nane mchana, Spana akaja. Ofisini hapakuwa na mtu mwingine.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. "Mwalimu, samahani kukusumbua. Ile rasimu yangu ya winchi, bado unayo?"

Droo ilikuwa pale. Mkono wa Mwalimu ulikuwa juu ya meza, na goti lake likigusa droo kwa chini. Alichotakiwa kusema ni neno moja.

Akasema, "Sijui. Nitatafuta."

"Asante, Mwalimu," Spana akasema. Akasimama kidogo. Kisha akatoka, akafunga mlango polepole kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Hapa naomba tusimame kidogo, na mimi nimeze mate. Mimi si hakimu wa mtu. Lakini alidanganya. Mwalimu Gawanya alidanganya, na binti wa watu alikuwa amebakiza saa ishirini.

Jioni alimweleza mumewe. Mumewe leo ni mzee wa miaka themanini, na alinipa maneno yake bila kupepesa macho. "Nilimwambia, mama watoto, hiyo karatasi ikionekana, utamwaga unga. Hawatamgusa msimamizi, yule ni mwenzao. Watakukamata wewe uliyeshika kalamu. Ichome. Rasimu hupotea kila siku. Nilimwambia hivyo. Nasema ukweli leo, maana hayupo wa kunikanya."

"Yeye akasemaje?" nikamwuliza.

"Aliendelea kuchambua mchele. Mchele wenyewe ulikuwa umeshachambuliwa."

Binti yao mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, naye anaikumbuka jioni hiyo. "Nilimpelekea Mama daftari langu alisaini. Akasaini. Halafu akaniita nirudi, akasoma ukurasa wote upya. Akaniita tena, akausoma mara ya tatu. Nikasema, Mama, ni hesabu za kujumlisha tu."

Alhamisi ikafika. Mwalimu alikuwa na kipindi saa tatu. Akaingia darasani na pochi yake, wanafunzi arobaini mbele yake. Akaanza kufundisha namna ya kuandika muhtasari. Wanasema alikuwa anaangalia saa ya ukutani kila akimaliza sentensi. Saa tatu na nusu. Saa nne kamili. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono, "Mwalimu, sasa kwenye muhtasari kinatangulia nini?"

Mwalimu akamtazama. Akaweka chaki chini.

"Andikeni," akasema.

"Tuandike nini, Mwalimu?"

Alishatoka. Arobaini wale wakabaki midomo wazi.

Kutoka darasani hadi ofisini ni ngazi mbili. Kutoka ofisini hadi chumba cha kamati ni uwanja mzima na ngazi tatu. Alikuwa mnene kidogo, na viatu vyake vilikuwa vya kisigino. Akalitoa jalada kwenye droo, na kwenye ngazi ya pili ya kwenda kwa kamati akavivua, akavishika mkononi pamoja na jalada. Katibu muhtasi aliyekuwa mlangoni alimwona anakuja pekupeku, anahema.

"Mwalimu, hujaitwa humo ndani."

"Najua."

"Wameshaanza. Wanasema wanasoma uamuzi."

"Basi sogea, dada, usije ukaponzwa na mimi."

Akafungua mlango.

Ndani kulikuwa na watu saba kwenye meza ndefu, na Spana amesimama mbele yao, mikono nyuma. Mkuu wa idara alikuwa ameshika karatasi, katikati ya neno. Mwalimu akaweka jalada mezani. Viatu navyo akaviweka mezani, kwa kutojua.

"Rasimu hii hapa," akasema. "Ukurasa wa kumi na moja."

"Isome," akasema mkuu wa idara.

Akaisoma kwa sauti. Nami nawasomea kama ilivyo, maana familia imenipa nakala. Vuteni pumzi: "Baada ya mtambo kufungwa kwa kufuata utaratibu ulioelezwa katika sehemu ya tatu, na kwa kuzingatia hali ya joto ndani ya karakana siku ya majaribio pamoja na umri wa mnyororo, ambao ulipakwa grisi kabla ya zoezi, vipimo vitano vilichukuliwa kwa mizigo tofauti ambapo matokeo yalilingana kwa kiasi kikubwa na yaliyotarajiwa, isipokuwa katika vipimo viwili vya mzigo mkubwa ambapo breki haikushika, jambo ambalo halikuathiri ukusanyaji wa takwimu za kasi, zilizooneshwa katika jedwali la sita."

Wale saba wakatazamana.

"Sasa hapo kuna nini?" akauliza mmoja.

Mnaona, wasikilizaji wapendwa? Watu saba wenye digrii zao. Wamesikia kwa masikio yao, na hawakusikia. Mguu wa mtu umeshakatwa, wanaitafuta breki, breki imepita mbele yao, na hawakuiona!

Mwalimu akairudia. Safari hii akakatisha. Akasema, "Breki haikushika." Akatua. "Breki haikushika, mara mbili." Msimamizi akainamisha uso.

"Na huu wino mwekundu?" mkuu wa idara akauliza.

"Wangu. Nimeandika aondoe maelezo. Akaondoa."

Spana ndipo akasema kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Nilidhani mtu anayejua kuandika ndiye anajua lipi la kubaki. Na nilidhani nikishaandika, nimeshasema."

"Kwa hiyo mkosaji nani?" akauliza mkuu wa idara. "Tuambie wewe, mama."

Katibu muhtasi alikuwa ameacha mlango wazi, na maneno haya ni yeye aliyeyahifadhi. Mwalimu alisema, "Huyu aliandika vibaya. Lakini kuandika ndiko alikokuja kufundishwa. Kusoma ni kazi yangu, na sikuifanya. Huyo aliyekuwepo kwenye vipimo mtamwuliza wenyewe. Mkimfukuza binti huyu, itabidi mnifukuze mimi kwanza, tena kwa maandishi."

Spana hakufukuzwa. Alimaliza masomo. Msimamizi alipewa onyo, akahamishwa ofisi. Mkataba wa Mwalimu haukuongezwa. Mumewe alikuwa amesema kweli, unga ulimwagika. Miaka miwili alifundisha sekondari, akisahihisha insha za likizo.

Lakini siku ileile ya Alhamisi, mchana, alikwenda hospitali. Alikuwa amekata shauri kumweleza Fundi Miwani mwenyewe, asije akasikia kwa watu. Akamweleza yote. Rasimu, ukurasa wa kumi na moja, kalamu nyekundu. Fundi alisikiliza akiwa ameegemea mto. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa plasta.

"Kwa hiyo mguu wangu ulikuwa humo," Fundi akasema.

"Ulikuwemo, Fundi."

"Mstari wa ngapi?"

"Wa saba."

Fundi akageukia ukutani. Hakumwambia nimekusamehe. Hakumwambia ondoka. Mwalimu akakaa kwenye kiti kando ya kitanda mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Kesho yake akarudi, na keshokutwa. Siku ya tisa Fundi akamwambia, "Kama unakuja kila siku, basi leta kitu cha kusoma." Akaanza kumpelekea ripoti za wanafunzi, wanazisoma pamoja.

Mkuu mpya wa idara alipomwita Mwalimu arudi, Mwalimu alitoa sharti moja. Fundi Miwani aingie darasani. Miaka kumi na tisa, wasikilizaji wapendwa, miaka kumi na tisa Fundi yule alikaa mstari wa mbele na gongo lake. Mwanafunzi akimaliza kusoma ripoti yake, Fundi alikuwa anauliza swali moja tu: "Mguu wangu uko ukurasa wa ngapi?" Ukisema wa pili, unaambiwa rudi ukaandike. Ulitakiwa uwe wa kwanza, mstari wa juu, mtu asiukose hata akiwa na haraka. Waliopita darasa lile leo wanajenga madaraja, wanaunda mashine za hospitali, wanaandika programu za kompyuta. Wengi wamenipigia simu wiki hizi. Kila mmoja amelitaja lile swali.

Sasa nimebakiza jambo moja. Jumatano ile.

Mwezi mmoja uliopita, madaktari walipomwambia Mwalimu kwamba dawa hazisaidii tena, alimwita binti yake amwandikie barua. Mikono ilikuwa imelegea. Barua ilikuwa ya Spana, ambaye leo ni mhandisi mkuu wa kampuni ya lifti, bibi wa wajukuu wawili. Binti anasema, "Mama alitaka jambo lenyewe litangulie, kabla hata ya salamu. Akanitajia: Jumatano ile rasimu ilikuwa kwenye droo yangu, nami nilikwambia sijui. Nikaacha kuandika. Nikamwangalia. Mama akasema, endelea, nukta."

Spana hakujibu kwa barua. Alipanda basi asubuhi, akafika mchana. Nimezungumza naye kwa simu, na maneno haya ni yake.

"Nilimkuta amelala, amekonda. Nikamwambia, Mwalimu, nilijua. Droo haikufungwa vizuri siku ile. Niliona kona ya jalada langu na mwandiko wangu. Nilitoka ofisini kwako nikijua unayo."

"Akasema, miaka yote hii?"

"Nikasema, miaka yote hii."

"Akauliza, na hukunisema kwa kamati?"

"Nikamwambia, nilikuwa nakusubiri. Mkuu wa idara alikuwa ameshaanza kusoma uamuzi, nami nakusubiri. Nilikuwa nahesabu, akifika mwisho wa karatasi nitasema. Ulipofungua mlango, viatu mkononi, alikuwa amebakiza aya moja."

Spana anasema Mwalimu alijifunika shuka usoni, akalia. Akalia kama mtoto, mpaka binti yake akaja mbio kutoka jikoni. Kisha kutoka ndani ya shuka ikatoka sauti ya kicheko. Siku kumi na moja baadaye akaaga dunia, naye Spana alikuwa mmoja wa waliomwosha.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki, natoa pole kwa mume wake, kwa binti zake wawili na wajukuu. Pole kwa mdogo wake. Pole kwa Fundi Miwani, ambaye yu hai, na ambaye jana alinitumia ujumbe kwamba nisikosee mguu, ni wa kulia. Ni wa kulia, Fundi. Poleni sana, na Mungu ampumzishe mwalimu wetu mahali pema.

Nanyi mnaonisikiliza, nawaachia la kutafakari. Huenda juzi kuna mtu alikuja kwako akakuuliza kitu, ukamwambia sijui, nitatafuta, na kitu chenyewe unacho. Anaweza kuwa anajua kwamba unacho. Anaweza kuwa amesimama mahali, mikono nyuma, anatazama mlango. Mpelekee leo.